Anzia miguuni mwa nguzo: kuifufua machiya ya Kyoto iwe nyumba ya wageni

Mtu anapoingia kwenye machiya inayouzwa Kyoto, macho humwenda juu. Huona boriti nene zilizoiva kwa moshi wa jikoni, kimia cha mbao cha upande wa barabarani, bustani ndogo iliyofichwa katikati ya nyumba, na hapo hapo huanza kupanga wageni walale wapi. Ni vyema ainame kwanza. Anyanyue tatami moja, ule mkeka mnene wa sakafuni, abandue mbao mbili tatu zilizo chini yake, amulike kwa tochi pale nguzo inapokalia jiwe. Fedha nyingi za ukarabati zitazama pale, na fundi anayekupigia hesabu bila kuingia chini ya sakafu hajakupigia hesabu bado.

Machiya ninazozungumzia ni nyumba za mbao za wafanyabiashara na mafundi wa mjini, zilizojengwa kwa njia ya jadi kabla ya 1950, mwaka ilipotungwa Sheria ya Viwango vya Ujenzi ya Japani. Si za kale kama wengi wanavyodhani. Moto mkubwa wa 1864 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, kwa hiyo nyingi zilizobaki katikati ya Kyoto ni za enzi za Meiji, Taisho na mwanzo wa Showa, yaani za baada ya 1868. Jiji lilipozihesabu mwaka 2016 lilikuta takriban 40,000, na makadirio yake yalikuwa kwamba karibu 800 hupotea kila mwaka, yaani mbili kwa siku. Shirika la uhifadhi la World Monuments Fund liliziweka kwenye orodha lake la majengo yaliyo hatarini mwaka 2010, na tangu 2017 jiji lina sheria ndogo inayomtaka mwenye machiya iliyoteuliwa atoe taarifa mwaka mmoja kabla ya kubomoa. Taarifa hainunui mbao wala haimlipi mwashi. Nyumba ya wageni yaweza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwandishi Alex Kerr na wenzake walianza kukodisha machiya nzima nzima kwa wasafiri, na tangu hapo mamia ya nyumba zimeokolewa kwa njia hiyo. Lakini ukarabati mbaya nao huua machiya, tofauti ni kwamba huiua polepole, ikiwa imepakwa rangi nzuri.

Kabla ya kutia saini

Anza na barabara. Sheria inataka kiwanja kipakane na barabara yenye upana wa mita 4, kwa urefu usiopungua mita 2. Machiya nyingi zimejificha ndani ya roji, vichochoro vyembamba visivyofikia kipimo hicho, na zikishabomolewa haziruhusiwi kujengwa upya. Bei yake hushuka kwa sababu hiyo, na benki nyingi husita kuzikopeshea, ingawa baadhi ya benki za Kyoto zina mikopo maalumu ya machiya. Kwa mtu wa ukarabati nyumba ya kichochoroni si mbaya hata kidogo, maana hakukusudia kubomoa. Ajue tu kwamba kila mbao, kila gunia la udongo na kila kigae vitabebwa kwa mkono au kwa kitoroli, na bili ya vibarua itapanda.

Kisha uliza eneo la mipango miji. Katika maeneo yaliyotengwa kwa makazi pekee, kibali cha nyumba ya wageni hakitolewi. Hapo inabaki minpaku, yaani kukodisha nyumba ya makazi chini ya sheria iliyoanza Juni 2018, ambayo haivuki siku 180 kwa mwaka. Hesabu ya biashara inayosimama juu ya siku 180 ni tofauti kabisa na ya siku 365, na machiya iliyokarabatiwa kwa haki ni vigumu kurudisha gharama zake kwa nusu mwaka. Njia ya mwaka mzima ni kibali cha kan'i shukusho, malazi sahili, chini ya sheria ya nyumba za wageni ya 1948. Vyumba vya wageni viwe na jumla ya mita za mraba 33, au, wageni wakiwa chini ya 10, mita za mraba 3.3 kwa kila mmoja. Machiya ikikodishwa nzima kwa kundi moja, Kyoto huisamehe kaunta ya mapokezi, ila lazima awepo msimamizi wa kufika pale ndani ya dakika 10. Gharama ya mtu huyo iwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Tangu Juni 2019, kugeuza nyumba kuwa ya wageni hakuhitaji maombi ya uthibitisho wa ujenzi ikiwa sakafu zote hazizidi mita za mraba 200. Zamani kikomo kilikuwa 100. Watu husikia hivyo wakadhani sheria imewaachia. Kilichoondolewa ni maombi tu, masharti yako palepale, na mwenye nyumba ndiye atakayewajibika. Tena tangu Aprili 2025, nyumba ya mbao yenye chini na juu inahitaji uthibitisho inapofanyiwa matengenezo makubwa, yaani yanapogusa zaidi ya nusu ya aina moja ya sehemu zake kuu: nguzo, boriti, kuta, sakafu, ngazi au paa. Msanifu mwenye leseni apime mapema ni nguzo ngapi zitaguswa, kwa sababu swali hilo ndilo litakaloamua mpangilio mzima wa kazi.

Kwa zimamoto hakuna nyumba iliyo ndogo mno. Kila nyumba ya wageni, hata ya vyumba viwili, lazima iwe na kengele ya moto inayojiendesha. Zilizo chini ya mita za mraba 300 huruhusiwa mfumo wa vitambuzi visivyotumia waya, na hii ni neema kubwa: hakuna haja ya kutoboa boriti za miaka mia moja kupitisha nyaya. Mapazia na mazulia yawe ya kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi, na njia ya kutokea iwekewe taa pale inapohitajika. Bila hati ya zimamoto, ofisi ya afya haitoi kibali. Mlete ofisa wa zimamoto ukiwa na michoro bado mkononi. Akija kuta zimeshakamilika, utabomoa.

Mpangilio wa nyumba na kwa nini usiuvunje

Machiya ni nyembamba mbele na ndefu kwenda ndani: upana wa mita 5 au 6 hivi, kina cha mita 20 na zaidi. Ubavuni mwake hupita toriniwa, ujia wa sakafu ya udongo unaotoka barabarani hadi uani, na jiko humo humo. Juu ya jiko hakuna dari. Uwazi hupanda hadi kwenye paa, ambako kuna dirisha dogo la kuingiza mwanga, na moshi wa majiko ya kuni ulitokea huko. Vyumba vimepangwa foleni: cha duka mbele, cha familia katikati, cha wageni nyuma kikitazama bustani. Uwazi wa jikoni na bustani ndio mapafu ya nyumba. Hewa ya bustani iliyonyweshewa maji jioni ni baridi kuliko ya barabarani, basi upepo hupita vyumbani wenyewe. Mkarabati anayeziba uwazi wa jikoni kwa dari ili apate chumba kimoja zaidi juu ameuza kiyoyozi cha bure, na boriti zilizokuwa kivutio kikuu cha nyumba zimebaki gizani.

Kipimo cha kila kitu ni tatami. Ya Kyoto ni sentimita 191 kwa 95.5, kubwa kuliko ya Tokyo, na chumba hupimwa kwa tatami zinazoenea kati ya nguzo na nguzo. Kama vile urefu wa boriti za mikoko ulivyoamua upana wa vyumba vya Lamu na Unguja, mkeka huu umeamua nyumba nzima. Faida yake kwa mkarabati ni ya fedha taslimu: milango ya karatasi ya kuteleza, shoji na fusuma, iliyotolewa kwenye machiya inayobomolewa mtaa wa pili huingia kwenye yako kwa kurandwa kidogo tu. Maduka ya vifaa vya mitumba Kyoto huiuza kwa bei ndogo kuliko ya kuchongesha mipya, na mbao zake zimekwisha kukauka, hazipindi tena. Pima tu urefu wa mlango. Kizingiti cha juu huwa sentimita 173 hadi 176, na mgeni mrefu atakigonga kwa paji la uso. Usikate kizingiti, maana kinashika nguzo. Weka taa pale na umwonye mgeni anapofika.

Miguu

Nguzo za machiya husimama juu ya mawe kwa uzito wake na wa paa. Hakuna boliti wala zege. Ubavuni hupitishwa nuki, mbao nyembamba zinazotoboa nguzo moja hadi nyingine na kukazwa kwa kabari, kisha udongo hujaza ukuta. Tetemeko likija, nyumba huyumba. Kabari hujiminya ndani ya matundu, udongo hupasuka na kumeza nguvu, na mguu wa nguzo waweza kusogea juu ya jiwe bila kuvunjika. Baadaye fundi hugonga kabari upya na kukandika penye nyufa.

Sasa mtazame mkarabati asiyeijua nyumba. Anamwaga msingi wa zege, anafunga nguzo nne za kona kwa boliti na plaiwudi, sehemu nyingine anaiacha ikiwa laini kama ilivyokuwa. Nguvu yote ya tetemeko hukimbilia kwenye ile kona ngumu, na nguzo ya sentimita 12 iliyotobolewa matundu ya nuki hupasukia kwenye tundu. Kuimarisha kunahitajika, tena sana, kwa sababu machiya ina kuta ndefu upande wa kina, na upande wa barabarani ni milango na vimia vitupu. Ndiyo maana ikianguka hulala kuelekea ubavuni, sambamba na barabara. Dawa ni viimarisho vinavyoyumba pamoja na nyumba: fremu za mbao zenye umbo la ngazi zinazosimamishwa kati ya nguzo, au paneli za udongo uliokwisha kukaushwa kiwandani. Tangu 2000 sheria inaruhusu hesabu ya kimuundo inayoupa ulaini huu thamani yake, wanaiita genkai tairyoku keisan. Muulize mhandisi kama anaitumia. Akikujibu kwamba yeye huhesabu paneli na boliti tu, mshukuru, utafute mwingine.

Kinachooza huozea mahali panapojulikana. Mchwa wa Japani wanataka unyevu, na unyevu uko jikoni, bafuni, na kwenye mfereji kati ya paa lako na la jirani. Adui mkubwa ni zege iliyomwagwa kwenye toriniwa miaka ya baada ya vita, ikasukumwa hadi ikagusa nguzo. Mvuke wa ardhi uliokuwa ukitoka popote sasa hupanda kupitia miguu ya nguzo. Choma bisibisi kwenye mbao, sentimita 5 juu ya jiwe. Ikizama bila kushurutishwa, moyo wa nguzo umeshaliwa hata kama uso wake unang'aa.

Kazi huenda hivi. Ondoa kwanza vyote vilivyoongezwa: dari za kuning'inia, plaiwudi, vigae vya bafu, mabati yaliyofunika uso wa mbele. Pima kila nguzo kwa timazi, na sakafu kwa pimamaji ya leza, kisha andika kwenye ramani mwinamo na mshuko kwa milimita. Teremsha vigae vya paa na udongo wake ili nyumba iwe nyepesi, na ufungue viwambaza vinavyozuia. Ndipo ije agemae, kunyanyua. Mbao mbili hubanwa pande zote za nguzo kwa boliti, jeki huwekwa chini yake, na mstari mzima wa nguzo hupandishwa pamoja, milimita chache kwa wakati, fundi akisikiliza. Mbao inayolia taratibu inarudi mahali pake. Mlio mkali wa ghafla maana yake kuna kiungo kilichosahauliwa kufunguliwa.

Baada ya kunyanyua huja kunyoosha. Nyaya za chuma na winchi huvuta nyumba kwa mshazari, mihimili ya muda ikisukuma upande wa pili. Nyumba huvutwa ipite wima kidogo, kwa kuwa ikiachiwa hurudi nyuma. Hufungwa hivyo kwa mbao za mshazari mpaka kabari zimegongwa na kuta zimekandikwa. Usilazimishe wima kamili. Ukuta wa jirani uko sentimita chache tu, na nyumba mbili zilizozeeka zikiegemeana hazitaki mmoja wao asimame ghafla. Mwinamo unaobaki wa sentimita moja hauna madhara, milango huchongwa kuufuata.

Miguu iliyooza hukatwa na kuungwa. Kata hadi mbao iwe nzima kabisa, kisha pandisha kipande kipya cha hinoki, saipresi ya Kijapani, au chestinati kilichokauka. Kiungo kinachoaminika ni kanawa-tsugi: vipande viwili vyenye ndimi zinazoingiliana, vikazwe kwa kigingi cha mbao ngumu katikati. Unyayo wa nguzo mpya huchongwa kufuata mabonde na vilima vya jiwe lenyewe, na kazi hiyo peke yake yaweza kumla seremala nusu siku kwa nguzo moja. Hapo hakuna njia ya mkato. Ukisawazisha jiwe kwa saruji, maji yatakaa kati ya saruji na mbao, na baada ya miaka michache utarudi palepale. Mwisho, nguzo hufungwa zenyewe kwa zenyewe kwa boriti za chini ya sakafu, ashigatame. Miguu ishikane, nyumba isogee ikiwa kitu kimoja.

Viwambaza

Msomaji aliyekulia nyumba ya fito na udongo ataielewa kazi hii haraka. Mianzi iliyopasuliwa hupangwa wima na mlalo na kufungwa kwa kamba za mabua ya mpunga. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na majani ya mpunga yaliyokatwakatwa, ukaachwa na maji kwa wiki nyingi, bora zaidi miezi, hadi unuke na kuwa mweusi. Majani yakioza udongo hupata mnato. Udongo wa kuta za zamani usitupwe. Uvunje, uuloweke, uongeze majani mapya. Ndio bora, na mafundi wa Kyoto huulinda kama mali.

Tabaka la kwanza hukandikwa upande mmoja, udongo ukapenya kwenye mianzi na kutokeza upande wa pili. Likishika, upande wa pili hukandikwa. Hapo ndipo wenye haraka huharibu. Ukuta huu wa sentimita 6 au 7 lazima ukauke hadi ndani kabla ya tabaka la kati lenye mchanga, na tabaka la kati likauke kabla ya la mwisho. Ukiuwahisha, madoa ya kahawia yatachomoza kwenye rangi nzuri ya juu, kisha ukungu. Ratiba iandikwe kwa kufuata kalenda: udongo mbichi ukigandishwa na baridi ya Januari au Februari hupukutika kama unga, na msimu wa mvua wa Juni na Julai haukaushi kitu. Vuli ya Japani, ile ya kabla ya baridi, ndiyo msimu wenyewe.

Nitazame kwa karibu jambo moja dogo, kwa kuwa ndilo linalomtofautisha mwashi wa kweli. Udongo ukikauka husinyaa, na pengo hufunguka kati ya ukuta na nguzo. Upepo na mwanga wa chumba cha pili hupita hapo. Kulizuia, mwashi hupigilia pembeni mwa nguzo vimisumari vyenye nyuzi za katani, kimoja baada ya kingine toka chini hadi juu, akazilaza nyuzi kwenye udongo mbichi, moja juu moja chini, akazifunika. Ukuta ukisinyaa unashikwa na mamia ya nyuzi. Kazi hiyo haionekani ikishaisha, na kwenye makadirio huwa mstari wa kwanza kufutwa na mkandarasi anayetaka kushusha bei. Usikubali ufutwe.

Juu huja udongo mwembamba wa rangi uitwao Juraku, au chokaa laini penye kuguswaguswa. Kwa nyumba ya wageni naona chokaa au ubao uwekwe kwenye korido na ngazi hadi usawa wa kiuno, maana masanduku ya safari hukwangua udongo bila huruma. Karatasi za ukutani za plastiki zisikaribie kiwambaza, kwani zinaziba pumzi yake na ukuta huoza kutokea ndani.

Paa, maji, joto

Vigae vya kawaida ni kama 16 kwa mita ya mraba, kila kimoja karibu kilo 2.8, hivyo kilo 45 hivi kabla ya kuhesabu udongo ambao paa za zamani zimelaziwa. Udongo huo uondolewe. Vigae vizima virudishwe juu ya papi za mbao na kupigwa misumari. Nyumba itakuwa nyepesi kichwani na tetemeko litaitikisa kidogo zaidi. Kimbunga Jebi cha Septemba 2018 kilionyesha eneo zima la Kansai, iliko Kyoto, vigae visivyopigwa misumari huishia wapi. Mfereji wa pamoja na jirani ubadilishwe sasa, wakati jukwaa limeshasimama. Kurudi baadaye kwa mfereji peke yake ni kujenga jukwaa mara ya pili.

Bomba la majitaka la milimita 100 linataka mteremko wa 1 kwa 100. Bafu likiwa nyuma kabisa ya nyumba yenye kina cha mita 25, bomba litakuwa limeshuka sentimita 25 likifika barabarani. Pima kina cha chemba ya barabara kabla ya kuchora bafu, kwa sababu ikiwa juu mno, bafu litalazimika kusogea mbele au kupanda, na mpangilio wote utageuka. Njia ya bomba ni toriniwa, ambako hakuna nguzo za kukata. Bafu lenyewe lisimame kwenye fremu yake na bamba lake la zege, likiwa limeachana na viwambaza kwa nafasi ya kupitisha hewa. Wageni hupenda beseni la hinoki na wana haki, lakini lichague ukiwa na mtu wa kulifuta na kulikausha kila siku. Likibaki na maji hushika weusi. Likikaa kavu siku nyingi, mbao hujikunja na kuvuja.

Sakafu ya toriniwa yaweza kurudishwa kuwa tataki: udongo, chokaa na nigari, yale maji machungu yanayobaki chumvi ya bahari ikivunwa, vyote vikishindiliwa kwa vipande vya mbao mpaka viwe vigumu. Ni nzuri mno, ila magurudumu ya masanduku huila. Mlangoni pawe mawe, tataki ianze ndani zaidi, na popote itakapokuwa iachane na nguzo kwa sentimita chache zilizojazwa kokoto.

Baridi ya Kyoto hupanda kutoka chini, hivyo sakafu ndiyo ya kwanza kuvikwa. Bodi za povu gumu za milimita 50 kati ya mbao za sakafu, chini ya tatami, hubadilisha usingizi wa mgeni kuliko hita yoyote. Kisha paa. Kuta ziache. Ukijaza pamba ya kioo kwenye kiwambaza, mvuke wa ndani utageuka maji ndani yake. Madirisha ya kioo chembamba cha zamani, chenye mawimbi, yabaki, na upande wa ndani yaongezwe ya pili ya mbao. Umeme wa zamani unaopita juu ya vikombe vya kauri ung'olewe wote. Nyumba ya ampea 30 haiwezi viyoyozi vinne na majiko, iombewe laini ya nyaya tatu ili ipate volti 200.

Mbao kongwe zinaoshwa kwa maji ya magadi makali, zikasuguliwa kwa brashi za mianzi, zikasuuzwa na asidi hafifu ili magadi yasibaki. Mpe kazi hiyo anayeifanya kila siku, kwa sababu magadi yaliyobaki hugeuza mbao manyoya. Vimia vya nje hupakwa bengara, vumbi jekundu la chuma lililochanganywa na masizi na mafuta. Mbao mpya za kiraka hupakwa hiyo hiyo, na baada ya miaka miwili mitatu jua huzipatanisha na za zamani.

Wageni wakishafika

Bango la kutangaza nia ya kufungua hubandikwa kabla ya maombi ya kibali, lakini usilisubiri. Zungukia nyumba za jirani mwenyewe, na kiongozi wa mtaa awe wa kwanza. Wanachouliza ni kilekile: moto, takataka, na kelele za magurudumu usiku. Taka za nyumba ya wageni ni taka za biashara. Haziingii kwenye mifuko ya njano ya kaya, na lazima uwe na mkataba na mzoaji mwenye leseni. Kodi ya malazi ya jiji, iliyoanza Oktoba 2018, hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na anayeikusanya ni wewe. Kwa moto, hirizi ya karatasi ya hekalu la Kishinto la Atago itundikwe jikoni kama ilivyo desturi ya Kyoto nzima, majirani wataiona, na kifaa cha kuzimia moto kiwe chini yake hata pale sheria isipokidai.

Juni, milango ya karatasi hutolewa na ya matete huingizwa, Septemba hugeuzwa. Utahitaji stoo kavu ya seti moja nzima, na wengi huikumbuka vyumba vimeshajaa vitanda. Mwisho wa majira ya baridi ya kwanza, viyoyozi vikiwa vimekausha nyumba kuliko ilivyowahi kukaushwa, nyufa zitaonekana pembeni mwa nguzo na kabari kadhaa zitakuwa zimelegea. Mkataba wa seremala na wa mwashi uwe na siku za kurudi mwezi wa Machi, zilizolipiwa tayari, kabla ya msimu wa maua ya sakura kujaza kitabu cha wageni na kuwanyima mafundi nafasi ya kuingia.